Sikio la Mhakiki: Maoni Mafupi Juu ya Filamu Tano za Afrika Mashariki

Maoni mafupi juu ya filamu mpya ni maandishi yasomwayo na wengi na kuheshimiwa na wachache. Huandikwa kwa haraka, katika juma lile lile filamu ianzapo kuonyeshwa, na aghalabu hayazidi aya mbili au tatu. Msomaji huyatafuta kabla ya kutoa fedha yake ya kiingilio, na akiisha kuyasoma huyasahau. Kwa sababu hiyo wako wasemao kwamba kazi hii si tahakiki hata kidogo, bali ni tangazo lililovikwa kanzu ya elimu. Usemi huo una ukweli ndani yake, lakini ukweli wake si kamili. Ufupi si kosa. Methali ni fupi kuliko hotuba, wala hakuna aliyepata kuidharau kwa ufupi wake. Maneno machache hudai kipimo kilicho imara zaidi, kwa kuwa mwenye kurasa ishirini aweza kukosea mara tano na kujisahihisha mara nne, lakini mwenye mistari kumi hana nafasi ya kurudi nyuma.

Mtu akikusanya maoni ya namna hii yaliyoandikwa kwa Kiswahili juu ya filamu za Afrika Mashariki, ataona upesi kwamba mengi yana umbo moja. Kwanza hueleza kisa kwa muhtasari. Pili husifu au hulaumu picha: mwanga ulikuwa mzuri, au sauti ilikwaruza. Tatu hutaja mchezaji mmoja au wawili na kusema kwamba wamecheza vyema. Mwisho hutoa funzo, na kumshauri msomaji aende au asiende. Umbo hili lina heshima yake, na anayelifuata kwa uaminifu hafanyi kazi mbaya. Lakini lina pengo moja, nalo ni kubwa: halisemi neno juu ya maneno. Filamu ya dakika tisini hubeba maneno maelfu yatokayo vinywani mwa watu, na mhakiki hupita juu yake kama msafiri apitaye juu ya daraja asiulize mto ule unaitwaje.

Jambo hili ni la kustaajabisha, maana wenye lugha hii hawakupata kuwa wavivu wa kusikiliza. Shairi la Kiswahili hupimwa kwa vina na mizani, na likiisha kupimwa hivyo huulizwa kama maneno yake yanakaa mahali pake. Mwimbaji wa taarabu husikilizwa na wanawake waliokuja na masikio makali kuliko visu, kila mmoja akitaka kujua fumbo lile limetupwa kwa nani. Hata barazani mtu husifiwa au hucheka­wa kwa kauli yake kabla ya kusifiwa kwa mali yake. Itakuwaje basi watu hao hao wakiingia katika nyumba ya sinema wayaache masikio yao mlangoni?

Sababu moja ni ya kihistoria. Kati ya 1935 na 1937 lilifanywa huko Vugiri, katika milima ya Usambara, jaribio la kutengeneza filamu za kuwafundisha Waafrika, lililoitwa Bantu Educational Kinema Experiment. Filamu zake zilipigwa bila sauti, kisha maneno yakatiwa katika sahani za santuri, ili picha ile ile iweze kusemeshwa kwa lugha hii mahali hapa na kwa lugha ile mahali pale. Gari lilizunguka nazo katika makoloni kadhaa, na maoni ya watazamaji yakakusanywa. Lakini shabaha kubwa ya kuyakusanya ilikuwa kujua Mwafrika aweza kuelewa nini. Aliyepimwa alikuwa mtazamaji, si filamu. Na katika mpango ule lugha ilikuwa kama kifuniko cha chungu: huondolewa hiki kikatiwa kingine, na chungu kikabaki kile kile. Jaribio lenyewe lilikwisha zamani, lakini desturi ya kuihesabu lugha kuwa kitu kilichobandikwa juu ya picha haikufa nalo.

Sababu ya pili ni ya siku hizi. Filamu nyingi zilizo bora za Afrika Mashariki huonyeshwa kwanza ng'ambo, katika matamasha ya Ulaya na Marekani ya Kaskazini, nazo hurudi nyumbani zikiwa zimekwisha kuhukumiwa. Methali husema kwamba mcheza kwao hutunzwa. Katika sinema mcheza kwao aghalabu hutunzwa kwa watu, kisha ndipo wa kwao wakaambiwa wapige makofi. Majaji wa huko si wajinga wala hawana nia mbaya. Lakini wengi wao hawasikii Kiswahili. Husoma tafsiri iandikwayo chini ya picha, na tafsiri hiyo, hata ikiwa nzuri namna gani, ina mistari miwili tu na sekunde chache. Ndani yake shikamoo hugeuka kuwa salamu ya asubuhi, na mtazamaji wa mbali hawezi kujua kwamba kijana aliyepita bila kuitoa amekwisha kumtukana mtu mzima kabla hajafungua kinywa. Jaji huyo ameihukumu nusu ya filamu, ile iliyo ya macho. Nusu ya pili imebaki bila hakimu, na hakuna awezaye kuketi katika kiti hicho ila mwenye lugha.

Maoni yafuatayo yametolewa kwa kipimo cha sikio juu ya filamu tano zilizotoka kati ya 2012 na 2021. Si maoni kamili, wala hayakanushi yaliyokwisha kusemwa na wengine juu ya picha, muziki na uchezaji. Nia yake ni kuonyesha jinsi hukumu ya filamu iwezavyo kubadilika, kwa kupanda au kwa kushuka, maneno yake yakiwekwa katika mizani.

Nairobi Half Life (2012)

Filamu hii iliongozwa na David Tosh Gitonga, na mchezaji wake mkuu, Joseph Wairimu, alipewa tuzo ya mwigizaji bora katika tamasha la Durban mwaka ule ule. Kisa chake ni cha Mwas, kijana wa mashambani anayetaka kuwa mwigizaji, aendaye Nairobi akaibiwa siku ya kwanza, akalala rumande, kisha akaingia katika kundi la wezi huku akijifunza mchezo wa kuigiza katika jumba la michezo. Wengi waliosema juu yake walisifu ukweli wa mitaa na ukali wa polisi. Sifa hizo ni za haki. Lakini kiini cha filamu kiko katika ulimi wa Mwas. Anapoonekana mara ya kwanza anauza filamu za kigeni kwa kuziigiza mbele ya wanunuzi. Maana yake ni mchuuzi ambaye bidhaa yake ni sauti za watu wengine. Nyumbani ana lugha ya wazazi, mtaani ana Sheng, na katika jumba la michezo Kiingereza kinashika nafasi kubwa. Kila aendako hubadili kauli kama mtu abadiliye shati. Rumande anapolazimishwa kusafisha choo, hujiokoa kwa kuigeuza aibu ile kuwa mchezo. Nusu ya maisha iliyotajwa katika jina la filamu, kwa mwenye masikio, ni nusu ya lugha: hakuna mahali Mwas asemapo kwa ukamilifu wake.

Upungufu wa filamu uko mwishoni. Jukwaa limepewa kazi ya kuhitimisha yale ambayo mtaa umekwisha kuyasema kwa nguvu zaidi, na mtazamaji ahisi kwamba amepewa funzo ambalo hakulihitaji. Hata hivyo kazi hii ni ya kusikilizwa kwa makini, na tafsiri ya mistari miwili, inayowafanya watu wote waseme Kiingereza kimoja, humnyang'anya Mwas sanaa yake yenyewe.

T-Junction (2017)

Filamu hii ya Amil Shivji yatokea Dar es Salaam. Fatima, msichana aliyefiwa na baba ambaye hakumjua vyema, hana machozi ya kumlilia. Hospitalini anakutana na Maria, mgonjwa amsimuliaye habari za wachuuzi waliokuwa wakiishi na kupendana penye njia panda, hata pigo likawafikia. Watu waliotoa maoni juu yake waliiita filamu ya wanyonge, na ni kweli. Lakini yafaa itazamwe pia kama filamu ya hadithi na msikilizaji wake. Maria hasemi yote kwa siku moja. Husimulia kidogo, akakatisha, na Fatima hurudi kutaka sehemu iliyobaki. Ni desturi ya zamani ya bibi na wajukuu, isipokuwa hapa usiku umekuwa mchana na mkeka umekuwa kitanda cha wagonjwa. Mmoja ana maneno mengi, mwingine ana kimya kingi, na filamu yote yasimama juu ya mizani ya vitu hivyo viwili. Fatima anajifunza kumlilia baba yake kwa kuwalilia watu asiowajua.

Pale filamu ipwayapo ni pale wachuuzi wanapoacha kuwa watu wakawa wasemaji wa hoja. Mchuuzi aliyevunjiwa kibanda ana maneno yake, nayo hayafanani na maneno ya mkutano. Mwongozaji anawajua watu hao na anawapenda, lakini mara mojamoja mapenzi yake humshika akawasemea badala ya kuwaacha waseme. Hata hivyo mwendo wake wa polepole, ambao wengine waliulaumu, ni mwendo wa haki: hadithi ya mgonjwa haiwezi kukimbia.

Supa Modo (2018)

Likarion Wainaina alitoa filamu hii fupi, isiyofika dakika themanini, juu ya Jo, mtoto wa kike wa miaka tisa mwenye maradhi yasiyopona, apendaye filamu za mashujaa. Dada yake, kisha kijiji kizima, wanashirikiana kumfanya aamini kwamba ana nguvu za ajabu, na hatimaye wanatengeneza filamu ambayo yeye ndiye shujaa wake. Ilionyeshwa Berlin mwaka 2018, nayo iliwaliza watoto na wazee. Maoni mengi yaliishia katika machozi hayo, kana kwamba mtu akisema amelia amekwisha kuhakiki.

Sikio lina jambo la kuongeza. Jina lenyewe, Supa Modo, ni neno lililochukuliwa ugenini likakandwa hata likawa la kienyeji, kama watoto wa Kenya wafanyavyo kila siku. Na kisa chote ni swali la kauli: nani ana ruhusa ya kulitamka neno mauti mbele ya mtoto? Mama analijua asitake kulisema. Dada analijua akalifunika kwa uongo wa mapenzi. Kijiji kinalijua kikaligeuza mchezo. Mtoto naye analijua, na hapo ndipo ukubwa wa filamu ulipo, kwa kuwa msikilizaji hutambua polepole kwamba anayedanganywa ndiye anayewahurumia wanaomdanganya. Kosa la filamu ni kwamba kijiji kinakubaliana upesi mno. Katika kijiji cha kweli hakosi mzee mmoja wa kusema kwamba huku ni kumfanyia marehemu mzaha kabla hajafa, na sauti hiyo, kama ingalisikika, ingaliupa uongo ule uzito mkubwa zaidi.

Rafiki (2018)

Juu ya filamu hii ya Wanuri Kahiu maneno yalisemwa mengi sana, na machache kati yake yalikuwa juu ya filamu. Imetokana na hadithi fupi ya Monica Arac de Nyeko wa Uganda, iitwayo Jambula Tree, iliyopata Tuzo ya Caine mwaka 2007. Nayo ilikuwa filamu ya kwanza ya Kenya kuingia katika orodha rasmi ya tamasha la Cannes. Inahusu mapenzi ya wasichana wawili wa Nairobi, Kena na Ziki, ambao baba zao wanashindana katika uchaguzi. Aprili 2018 Bodi ya Kuainisha Filamu ya Kenya iliipiga marufuku, na Septemba mwaka huo Mahakama Kuu ikaisimamisha marufuku hiyo kwa siku saba. Kwa hiyo maoni mafupi yaliyoandikwa wakati ule yaligawanyika katika majeshi mawili. Moja liliilaani filamu bila kuitazama, na la pili liliitukuza kwa sababu imelaaniwa. Yote mawili yalikwepa kazi ya mhakiki.

Mtu awe na msimamo wowote juu ya jambo lenyewe, filamu ina neno moja lililo la Kiswahili safi, nalo ni jina lake. Rafiki ni neno liwezalo kusemwa mbele ya wazazi, mbele ya jirani na mbele ya mchungaji, nalo likaficha au likafichua kwa kadiri ya masikio ya msikilizaji. Ni fumbo kwa maana ile ile ya fumbo la taarabu. Sehemu kubwa ya filamu haikufikia ukali wa jina hilo: wasichana wanazungumza kwa mchanganyiko mwepesi wa vijana wa mjini, wenye uhai, lakini mzozo wa wakubwa wao umeandikwa kwa maneno yaliyotarajiwa, na mwenye umbeya wa mtaani ana kauli ya umbeya bila ladha yake. Hukumu hii ni ndogo, tena haikuhitaji mahakama. Ilihitaji watu waketi, wasikilize, ndipo waseme.

Vuta N'kuvute (2021)

Hii ndiyo filamu iliyopata heshima kubwa kuliko hizo nyingine. Amil Shivji aliitoa katika riwaya ya Adam Shafi ya jina lile lile, iliyochapishwa mwaka 1999. Ilionyeshwa Toronto mwaka 2021, na mwaka 2022 ikapata Tanit ya Dhahabu katika tamasha la Carthage huko Tunisia. Mahali pake ni Unguja ya miaka ya 1950, chini ya utawala wa Waingereza. Yasmin, msichana wa Kihindi aliyeozwa kwa mume asiyempenda, anamtoroka mumewe akapata hifadhi kwa Mwajuma, mwimbaji, na huko anakutana na Denge, kijana apiganiaye uhuru.

Jina la Kiingereza lililowekwa kwa ajili ya wageni, Tug of War, humletea msomaji mchezo wa kamba na makundi mawili. Jina la Kiswahili halina kamba wala makundi. Lina watu wawili: wewe vuta, nami nikuvute. Kuna nafsi ya kwanza na nafsi ya pili zimekabana ndani ya neno moja, na haijulikani kama ni ugomvi au ni mapenzi. Riwaya nzima imefungwa katika fundo hilo, kwa kuwa ndani yake siasa na mapenzi huvutana kwa mkono mmoja. Mtazamaji wa Toronto alipewa kamba. Wa Unguja alipewa watu.

Kwa macho filamu hii ni nzuri sana, na wote walioisifia rangi, bahari na vichochoro walisema kweli. Kwa sikio hukumu yagawanyika. Mwajuma, aliyechezwa na Siti Amina, ambaye ni mwimbaji kwa kazi yake, ameichukua filamu mabegani. Aimbapo, maneno yanasema jambo moja na macho yanasema la pili, na tafsiri iliyo chini ya picha inaambulia la kwanza tu. Kimya cha Yasmin nacho kimetumika vyema: huyu ni msichana aliyelelewa katika nyumba moja na anayejifunza kusema katika nyumba nyingine. Hasara iko upande wa Denge. Katika riwaya yeye na wenzake ni watu wa mabishano. Shafi huwaacha wazungumze, wakosane, wataniane, na Kiswahili chao cha Unguja ndicho kinachomfanya msomaji awaamini. Katika dakika 92 mabishano hayo yamekatwa sana. Zimebaki karatasi za siri, kutoroka na shabaha zilizotamkwa kwa ufupi. Asiyekisoma kitabu humwona mpenzi mwenye siasa. Aliyekisoma humtafuta mwanasiasa aliyeanza kupenda. Kupunguza ni haki ya mwongozaji, lakini mhakiki ana wajibu wa kutaja kilichopunguzwa, na kilichopunguzwa hapa si matukio tu, bali ni mazungumzo.

Yapo mambo mawili yawezayo kutolewa kuipinga njia hii ya kuhukumu. La kwanza ni kwamba filamu ni sanaa ya picha, na mwenye kutaka maneno akasome riwaya. Jambo hili lingalikuwa na nguvu kama filamu zingalibaki bubu. Lakini tangu zilipoanza kusema, mwishoni mwa miaka ya 1920, mwongozaji amechukua dhamana ya maneno yake kama achukuavyo dhamana ya mwanga wake. Mchezaji akivaa saa ya mkononi katika kisa cha karne ya 15, watu wote hucheka. Mchezaji akisema kama gazeti mbele ya kitanda cha mama yake mgonjwa, ni kosa lile lile, lakini hakuna anayecheka, kwa kuwa hakuna aliyezoezwa kulisikia.

La pili ni zito zaidi. Wengine huogopa kwamba sikio la mhakiki litakuwa fimbo ya mwalimu wa sarufi, na kila filamu yenye Sheng au lafudhi ya bara itachapwa. Hofu hiyo haikutoka hewani, maana Kiswahili kimekuwa na walinzi wakali ambao mara nyingine walilinda lango wakasahau nyumba. Lakini usahihi wa kauli katika filamu si usafi wake. Mwas wa Nairobi akisema Kiswahili sanifu cha kitabuni atakuwa mwongo, na Mwajuma wa Unguja akisema Sheng atakuwa mwongo vile vile. Swali la mhakiki si kama neno hili limo katika kamusi. Swali ni kama mtu huyu, mbele ya mtu yule, mahali hapa, na katika hali hii, angalisema hivi. Anayeuliza swali hilo hailindi lugha dhidi ya watu. Anawalinda watu dhidi ya lugha ya uongo.

Kwamba sikio la namna hii lipo, na halikungoja chuo kulifundisha, kwaonekana katika vibanda vya video. Huko Dar es Salaam alipata sifa kubwa Derek Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, kwa kazi ya kuzisemea filamu za kigeni kwa Kiswahili. Wasimulizi wa aina yake hawakutafsiri neno kwa neno. Walieleza, walitania, waliongeza, na mara nyingine walimwambia mtazamaji kwamba huyu bwana anasema hivi lakini haaminiki. Watu walilipa ili wasikie. Wasomi waweza kuiita kazi hiyo upotoshaji wa filamu, na mahali pengine ilikuwa hivyo. Lakini ndani yake mlikuwa na tahakiki iliyotolewa papo kwa papo, na mtazamaji wa kibandani alijua jambo ambalo maoni ya magazetini yamelisahau: kwamba filamu haijamfikia mtu mpaka imesema naye.

Wanafunzi waandikao maoni mafupi juu ya filamu mpya hawana haja ya kuongeza kurasa. Sentensi moja yatosha, ikiwa ni ya kweli. Badala ya kuandika kwamba fulani amecheza vyema, mwandishi aweza kutaja mahali pamoja ambapo kauli ya mhusika ilimfichua, na mahali pamoja ambapo ilimwangusha. Badala ya kusema kwamba filamu inafundisha, aweza kusema funzo hilo lilitamkwa na nani, na kama mtu huyo alikuwa na kinywa cha kulitamka. Aweza kusikiliza salamu, kwa kuwa katika Kiswahili salamu hutangaza cheo, umri na ugomvi kabla ya habari yenyewe kuanza. Aweza pia kuitazama tafsiri iliyo chini ya picha na kuuliza imeacha nini. Mambo haya manne hayazidi mistari mitano.

Mwenye macho haambiwi tazama, na picha za filamu hizi zimekwisha kutazamwa na watu wa nchi nyingi. Wataendelea kuzitazama na kuzipa tuzo, nao wana haki. Lakini mwongozaji aliyehangaika kutafuta neno moja la haki kwa mama mmoja wa Unguja hawezi kulipwa jasho hilo na jaji asiyelisikia, na mwongozaji aliyekuwa mvivu hawezi kukemewa naye. Wenye lugha wakikaa kimya, wote wawili watapata sifa moja. Baada ya muda yule wa kwanza atauliza aliteseka kwa ajili ya nani, na filamu yake ya pili itaandikwa kwa ajili ya mistari miwili iliyo chini ya picha.